Vinywa Vinne vya Nyumba ya Mapadri

Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Asubuhi: joto, vumbi, mawingu mazito upande wa kiwanda. Hakuna upepo.

Mvua ya kwanza imenyesha saa tisa alasiri, kwa dakika arobaini. Kila mwaka huwa naandika siku yake katika daftari la nyumba. Leo nimeiandika huko kwa mstari mmoja, na hapa naandika yaliyobaki.

Nyumba ya mapadri ilijengwa na wamisionari zamani za Wabelgiji, kwa matofali mekundu yaliyochomwa hapa hapa Likasi. Wao walijenga kama kwao: madirisha yenye ncha juu, paa kali kama kisu kilichosimama, na nguzo nene nje zinazoegemea kuta ili zisifunguke. Katika pembe nne, chini kidogo ya paa, kuna vichwa vinne vya udongo wa kuchoma, vinywa wazi. Maji ya paa hukusanyika kwenye mfereji nyuma ya ukuta mdogo wa juu, kisha hutoka kwa vinywa hivyo na kuanguka mbali na msingi. Watu wa parokia wanawaita Bane, yaani wale wanne. Mvua ikinyesha wanatapika, na kelele yao inasikika hadi barabarani.

Leo hawakutapika.

Padri Évariste, ambaye ana miaka themanini na minne na chumba chake kiko chini ya pembe ya jikoni, alifungua dirisha akaniita.

"Mama Hortense! Bane bananyamaza. Banagonjwa?"

Nikacheka. Nikamwambia mvua ilikuwa ndogo. Ni uongo wa kwanza wa majira haya.

Kesho nitaandika kwa nini. Nalala saa nne na nusu.

Jumanne, 22 Oktoba

Asubuhi: hewa safi, ardhi inanuka vizuri.

Nimejiahidi kuandika, basi naandika.

Binti yangu Sephora anakaa Kikula na mumewe Eddy, anayechimba shaba kwa mkono. Wamepoteza mimba tatu, zote katika mwezi wa tatu. Baada ya ile ya pili aliacha kusali nasi, akaingia kikundi cha maombi cha jirani yake. Mwezi wa Julai mama mmoja wa kikundi hicho alimuuliza mimi nafanya kazi wapi. Alipojibu, yule mama akashika kichwa. Ile nyumba yenye sura za vinywa wazi? Mama yako anafagia chini ya vinywa hivyo kila siku? Basi hivyo ndivyo vinavyokunywa watoto wako.

Sephora alinieleza haya akilia, amekaa kwenye ngazi ya jikoni. Nilimwambia ni upumbavu. Mimi ni Mkatoliki tangu ubatizo, nimemaliza shule ya sekondari, nimehudumia nyumba hii miaka kumi na sita. Lakini kuanzia siku ile sikuweza tena kupita chini ya pembe bila kuharakisha. Tena nilikumbuka kwamba Godefroid, fundi wetu, humwita yule wa pembe ya jikoni Nkambo, yaani babu, na humsalimia kabla ya kumsafisha. Zamani nilidhani ni mzaha wa mzee. Sasa mzaha ule ukanitia baridi.

Tarehe 16 Agosti mapadri walikuwa kwenye mafungo. Nilichukua saruji iliyobaki walipotengeneza sinki, nikaikoroga ndani ya beseni la kuoshea mboga. Nilipanda chumba cha chini ya paa, nikatoka kwa kidirisha, nikatambaa ndani ya mfereji na kuziba matundu yote manne kwa nyuma. Kutoka chini huwezi kuona chochote. Sura ziko vile vile, vinywa wazi.

Septemba, Godefroid alikuja kuomba ufunguo ili asafishe mifereji, kama kila mwaka. Nilimwambia, nikimwita Tata, yaani baba, kama wote hapa, "Pumuzika, Tata Godefroid, mguu wako unauma. Nimetoa majani minye mwenyewe." Akanishukuru! Akasema Mungu anibariki. Kisha nikaandika katika daftari la nyumba: "14 Septemba. Mifereji imesafishwa, vinywa viko wazi. Godefroid." Yeye hasomi vizuri. Huweka sahihi pale ninapoweka kidole changu. Akaiweka.

Mwanzoni mwa mwezi huu Sephora aliniambia ana mimba. Tangu Agosti. Nimehesabu wiki, nikahesabu tena. Tarehe zinalingana.

Nalala baada ya saa sita.

Alhamisi, 24 Oktoba

Asubuhi: mawingu. Mvua mchana, nusu saa. Bane kimya. Nalala saa nne.

Jumatano, 30 Oktoba

Asubuhi: jua kali. Mvua mchana, kwa muda wa saa mbili.

Doa kwenye dari ya Padri Évariste, ukubwa wa sahani. Ameniambia linafanana na ramani ya Ubelgiji. Nimemwambia nitamwita fundi. Sikumwita.

Saa tano kasoro robo.

Jumamosi, 2 Novemba

Asubuhi: ukungu kidogo, kisha mvua.

Godefroid amekuja mwenyewe. Alisimama uani katikati ya mvua, kofia mkononi, akitazama juu.

"Mama Hortense, kuna kintu hakiendi. Maji inapita wapi? Leta ufunguo nipande."

"Ufunguo umepotea, Tata. Natafuta tangu jana."

"Weye? Upoteze ufunguo?" Akacheka. "Basi mwisho wa dunia iko karibu."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa eproni yangu. Nilikuwa nimeushika nikiongea naye.

Saa saba usiku.

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi: mvua tangu alfajiri.

Doa sasa ni kama sinia. Sephora amepiga simu: daktari amesema mtoto anacheza, mwezi wa tatu umepita. Eddy alikuwa anapiga kelele nyuma yake kama mtu aliyeshinda mpira. Nilifurahi hadi nikapiga magoti hapo jikoni. Nilipokuwa bado nimepiga magoti nilisikia tone, kisha tone lingine, ndani ya ndoo chumbani kwa Padri Évariste.

Saa tano.

Jumapili, 17 Novemba

Asubuhi: giza, radi mbali, upande wa Mwadingusha.

Wakati wa Misa ya pili dari ya Padri Évariste imeanguka.

Nilikuwa natia moto jikoni. Ilikuwa kama gunia la mahindi lililotupwa sakafuni. Nilipofungua mlango, kitanda hakikuonekana. Plasta, mbao zilizooza na majani meusi ya jakaranda vilikuwa vimelala mahali pa kichwa chake, juu ya mto. Maji yalishuka ukutani kwa mstari mpana, taratibu, kama kitu kilichongoja ruhusa.

Yeye alikuwa kanisani. Kama kawaida angekuwa kitandani, kwa sababu kifua kinamsumbua na siku hizi hasomi Misa ya Jumapili. Leo alijisikia nguvu. Hiyo tu.

Alirudi akiegemea fimbo, akatazama. Kisha akauliza kama miwani yake ya kusomea imepona. Nilichimba kwenye plasta kwa mikono hadi nikaipata. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka. Akaivaa hivyo hivyo, akaniambia, "Aksanti, mwanangu. Sasa nakuona mara mbili."

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya nguzo.

Paroko wetu, Padri Joachim, amempa mzee kitanda sebuleni. Anakohoa. Namsikia ninapoandika.

Saa kumi, bado sijalala.

Jumatatu, 18 Novemba

Asubuhi: kavu, anga imeoshwa.

Padri Joachim alimwita Germain, mjumbe wa baraza la parokia mwenye kazi ya ujenzi. Ufunguo nilikuwa nimeshauweka juu ya friji, ili uonekane umepatikana. Germain alipanda, akashuka na suruali iliyolowa hadi magotini na mkono umejaa matope, akamgeukia Padri Joachim.

"Mon père, kule juu ni ziwa. Matundu yote iko na saruji. Mufundi wenu ameona nyufa, akaziba yote kivivu, akashuka kukunywa bia."

Godefroid alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake haukubadilika mara moja. Ilikuwa kama alikuwa anasikia lugha ya watu wengine.

"Minye sijatiaka saruji mu hii nyumba, ata siku moya," akasema. "Natia chokaa. Chokaa ya Kakontwe. Padri Évariste anajua."

Ni kweli. Alifanya kazi kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe ujanani, na mara mia amenieleza: kuta hizi zilijengwa kwa chokaa, zinanyonya maji na kuyatoa, zinapumua, ukitia saruji umeziba pua ya mgonjwa. Nilikuwa najua hilo siku ile ya Agosti, beseni mkononi.

"Daftari linasema nini?" Padri Joachim akauliza.

Nililileta. Niliweka kidole pale pale. Akasoma kimya, kisha akageuza daftari ili Godefroid aone sahihi yake.

"Ni mukono yako?"

"Ni mukono yangu," Godefroid akasema.

Ndipo akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kukohoa ili aongee. Alijua kwamba mwaka huu hakupanda kabisa. Alijua nani alimwambia apumzike. Angeweza kusema. Hakusema, aliniachia mimi nafasi hiyo.

Nilisema, "Nitaleta kahawa."

Germain ameonya kwamba ukuta umelowa, mtu asigonge kitu huko juu hadi mhandisi wa jimbo afike. Vichwa vinaweza kung'oka na kipande cha ukuta. Watafunika mfereji kwa turubai na sisi tutachota maji kwa ndoo. Bane watabaki wamezibwa. Niliposikia hivyo moyo wangu ulitulia kwa ajili ya Sephora, na utulivu huo umenitia aibu kuliko uongo wote.

Saa tisa.

Alhamisi, 21 Novemba

Asubuhi: mvua. Ndoo kumi na nne. Godefroid anachota juu, mimi napokea kwenye ngazi. Hatuongei.

Jumatatu, 25 Novemba

Asubuhi: mvua. Ndoo ishirini na mbili. Padri Évariste ana homa kidogo.

Ijumaa, 29 Novemba

Asubuhi: mawingu, jua, mawingu.

Padri Joachim amemwambia Godefroid aondoke kabla ya tarehe 15 Desemba, yeye na mkewe Orpha, na kuiacha ile nyumba ndogo ya nyuma ya bustani. Miaka ishirini na saba wamekaa pale. Padri Joachim si mtu mbaya. Alisema huku akitazama meza. Alisema mzee angeweza kufa kitandani mwake.

Mchana nilimpelekea Orpha sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Alikuwa anafunga sufuria kwa kamba. Alipokea sahani kwa mikono miwili, kama siku zote.

"Mama Hortense, weye unajua kusoma," akasema. "Unisaidie. Ile karatasi inasema vile mume wangu ni mwongo?"

Nilimwambia karatasi husema kile mtu alichoandika. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemsaidia.

Saa nane usiku.

Jumapili, 8 Desemba

Asubuhi: jua. Sikukuu ya Bikira Maria. Niliimba na akina mama wa kwaya, lakini sikwenda kukomunika. Hortense asiyekomunika siku ya Bikira Maria! Akina mama walinitazama.

Baada ya Misa nilikwenda Kikula. Sephora alikuwa uani anachambua maharage, tumbo limeanza kuonekana. Eddy alikuwa ametoka. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza yote, tangu beseni la mboga hadi sufuria za Orpha. Niliongea nikitazama maharage.

Aliacha kuchambua. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio.

"Mama! Weye? Weye mwenye ulikuwa unanipiga ju ya kuvaa hirizi ya rafiki yangu ku shule?"

"Mwanangu, tarehe zililingana."

"Tarehe!" Akatupa maharage ndani ya beseni. "Kwa hiyo mutoto wangu anashikwa na saruji? Mungu ameshindwa, njo unaita mufuko ya saruji?"

"Ulilia, Sephora. Ulilia kwenye ngazi yangu."

"Nililia ju nilikuwa na huzuni. Nilikuambia vile banasema, sikukuambia upande juu ya nyumba. Mama analia mbele ya nani, kama si mbele ya mama yake?" Akapangusa pua kwa khanga. "Na yule mzee? Tata Godefroid alinitengenezea kigari cha mbao nilipokuwa mutoto. Unakumbuka? Unamufukuza ju yangu? Sitaki. Usiweke jina ya mutoto wangu mu ile kintu."

Nilisimama kuondoka. Alinisindikiza hadi barabarani, mkono wake begani mwangu, hasira bado usoni. Tulipoagana akanishika kiganja.

"Waambie bafungue," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa na miaka sita: "Lakini siku banafungua, usiniambie ni siku gani."

Saa tano na nusu.

Ijumaa, 13 Desemba

Asubuhi: joto linalobana, mawingu yamepanda tangu saa mbili.

Mhandisi wa jimbo, Monsieur Ghislain, alifika saa tatu. Alipanda, akashuka, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole. Amesema nyumba ni imara kuliko sisi sote. Chumba kimoja kimeharibika. Ukuta utakauka ukiachwa upumue. Vichwa havitang'oka, matundu yafunguliwe hata kesho. Kisha tukakaa kwenye meza ya chakula: yeye, Padri Joachim, Germain, Padri Évariste na blanketi lake. Godefroid aliitwa ili aulizwe mara ya mwisho. Alibaki amesimama.

Nilikuwa nimeamua kusema. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, kwa mpangilio, na karatasi ilikuwa mfukoni pamoja na ufunguo. Lakini nilileta kahawa, nikaleta sukari, nikarudi kuleta vijiko. Vijiko vilikuwa tayari mezani.

Godefroid akasema, "Mon père, niko na ombi moya. Ile daftari, hakuna mwenye amenisomea. Ningeomba Mama Hortense anisomee."

"Unajua kilichoandikwa," Germain akasema.

"Sijui. Najua kidole yake tu."

Padri Joachim akanisukumia daftari. Nikafungua ukurasa. Mwandiko wangu ni mzuri, masista walinifunza. Nikasoma kwa sauti: "14 Septemba. Mifereji imesafishwa, vinywa viko wazi. Godefroid."

"Aksanti," akasema Godefroid. "Nilipanda lini?"

"Hukupanda."

"Nani aliandika vinywa viko wazi?"

"Mimi."

"Na vilikuwa wazi?"

Karatasi yangu ilibaki mfukoni. Nilisema tu, nimesimama, mikono juu ya daftari: saruji ilikuwa yangu, mikono ilikuwa yangu, na Godefroid hakukosa hata jambo moja. Waliuliza sababu. Nikawaambia niliogopa zile sura. Jina la Sephora sikulitaja.

Germain alisema, "Eh!" Padri Joachim alifunika macho kwa mkono. Mhandisi alitazama kahawa yake kwa adabu. Nilitaka mmoja wao anipigie kelele.

Padri Évariste ndiye aliyeongea, na hakupaza sauti.

"Miaka kumi na sita umeniletea supu chini ya Nkambo. Na uliamini ni shetani, lakini ukaniacha mimi nilale hapo?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Naliandika tena ili nilione: niliogopa kwa ajili ya mtoto wangu, nikamwacha mzee alale pale.

"Hakuna aliyekuambia ni nani?" akaendelea. "Yule Bruda aliyejenga alichukua sura za wachoma matofali wake. Wanne. Huyu wa jikoni alikuwa anacheka sana, mdomo wazi."

"Ni baba ya baba yangu," akasema Godefroid. "Njo maana naanziaka kwake."

Niliomba kuacha kazi. Padri Joachim alisema atafikiri, na kwamba wakati anafikiri nirudishe ufunguo wa juu. Niliutoa kwenye eproni nikauweka mezani. Ulikuwa wa moto kwa mwili wangu. Kisha akasimama, akamwomba Godefroid msamaha mbele yetu wote, na akasema Orpha aambiwe afungue sufuria zake.

Mlangoni nilimfuata Godefroid. Nilimwita. Aligeuka.

"Kumi na nane Novemba nilikuangalia," akasema. "Nikasema mu roho, Mama Hortense atasema sasa. Weye ukaenda kuleta kahawa."

Nilimfungulia mlango.

"Ilikuwa kahawa muzuri," akasema, akavaa kofia.

Leo siandiki saa.

Jumamosi, 14 Desemba

Asubuhi: kavu, ila mawingu meusi yanakuja toka kusini.

Godefroid alipanda saa moja na patasi na nyundo ndogo. Mimi sikuruhusiwa kupanda. Nilisimama uani na kapu la kupokea vipande. Alianza na pembe ya jikoni. Kutoka chini nilisikia sauti yake, "Jambo, Nkambo," kisha nyundo. Vipande vya saruji vilishuka kwa kamba, kijivu, na alama za vidole vyangu bado zimo.

Alimaliza wa nne saa tano. Alishuka, akaomba daftari. Nilimletea pamoja na kalamu, nikamwonyesha mahali kwa kidole kutokana na mazoea, nikakiondoa haraka.

"Andika weye," akasema. "Na jina utie yako. Yangu nitatia siku nitajua kusoma."

Nikaandika: "14 Desemba. Vinywa vimefunguliwa na Godefroid. Vilikuwa vimezibwa na mimi." Nikaweka sahihi. Nikamsomea. Akasikiliza hadi mwisho, akaenda zake. Zamani, kazi ikiisha, alikaa kwenye ngazi ya jikoni akala sahani yake pale, tukamsengenya Germain. Leo sahani yake nilimtumia Orpha.

Mvua ilianza saa kumi na moja jioni. Kwa dakika chache hapakuwa na kitu. Kisha Nkambo akakohoa majani na vumbi la saruji, akatapika, na wengine watatu wakamfuata. Padri Évariste alipiga fimbo sakafuni sebuleni kama anapiga makofi.

Simu ilikuwa mfukoni, mahali pa ufunguo. Niliishika. Sephora alisema nisimwambie siku, na sikumpigia. Huko Kikula mvua hii inamnyeshea yeye pia, na hajui chochote. Mimi ninajua, na nimeogopa kila dakika, na sikuomba vinywa vizibwe tena.

Bado wanatapika. Nimewasikiliza wote wanne, mmoja mmoja, hadi nikaweza kuwatofautisha.

Nalala saa tisa na dakika kumi.